Askofu Comenius na Shule ya Mama

Katika kuwazuru washarika nyumba kwa nyumba tumezoea kusikia neno moja ambalo limetusumbua moyo kwa muda mrefu. Tukimwuliza mzazi habari za mtoto wake mdogo, kwamba amejifunza nini, hutujibu kwamba mtoto huyo bado hajafikia umri wa shule. Kana kwamba mtoto hajifunzi kitu mpaka mwalimu aandike jina lake katika daftari! Tena katika nyumba moja tulimkuta mama akimtisha mtoto wake wa miaka minne, aliyekuwa akilia, kwa kumtajia mwalimu wa shule na fimbo yake. Mtoto akanyamaza kwa hofu, na mama akafurahi kwamba amepata dawa ya kilio. Tuliondoka pale tukimkumbuka mtu mmoja wa zamani, aliyekufa zaidi ya miaka 350 iliyopita, ambaye aliwaonya wazazi juu ya jambo lile lile hasa.

Jina lake katika lugha ya kwao ni Jan Amos Komenský. Lakini kwa kuwa wasomi wa siku zile waliandika Kilatini, ulimwengu wamjua zaidi kwa jina la Comenius. Walimu wengi wamelisikia jina hili chuoni, maana vitabu vya elimu humtaja. Lakini humtaja kama mtu wa madarasa na wa sarufi. Sisi twapenda kusimulia habari zake kwa upande wa nyumbani, maana huko ndiko alikoonja uchungu mwingi, na huko ndiko alikoona mwanzo wa elimu yote.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1592 katika nchi ya Moravia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walikuwa watu wa Umoja wa Ndugu, kanisa dogo lililoanzishwa mwaka wa 1457 na watu walioyashika mafundisho ya Jan Hus, yule mhubiri aliyechomwa moto mwaka wa 1415. Ndugu hao walipenda sana kusoma Biblia na kuimba katika lugha yao wenyewe, tena walikuwa na nidhamu kali katika nyumba zao.

Lakini mtoto huyu hakukaa sana katika nyumba ya namna hiyo. Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, na baadhi ya ndugu zake pia. Akachukuliwa na shangazi yake katika mji wa Strážnice, na muda si mrefu mji huo ukachomwa katika vita. Walezi wake hawakujali masomo yake. Hata alipofika umri wa miaka 16, wakati ambapo wenzake walikuwa wamekwisha kusoma Kilatini miaka mingi, ndipo alipoingia shule ya Kilatini ya Ndugu katika mji wa Přerov. Alikaa darasani mtu mzima kati ya wadogo. Baadaye alisema kwamba jambo hili lilimfaa, maana kwa kuwa alikuwa na akili za mtu mzima aliweza kuona jinsi walimu wanavyowatesa watoto kwa maneno yasiyo na maana kwao. Sisi twaamini kwamba hakuona kosa la walimu tu. Aliyekosa mafundisho ya baba na mama huyajua thamani yake kuliko aliyeyapata bila kuyaomba.

Ndugu walimwona kuwa kijana mwenye akili, wakampeleka Ujerumani kusoma, kwanza Herborn mwaka wa 1611, kisha Heidelberg. Mwaka wa 1614 alirudi kwao kwa miguu, safari ya siku nyingi, akafundisha katika shule ile ile ya Přerov. Mwaka wa 1616 alibarikiwa kuwa mchungaji, na mwaka wa 1618 alioa mke, jina lake Magdalena, akawekwa kuwa mchungaji wa usharika wa Fulnek na msimamizi wa shule yake. Hiyo ilikuwa miaka ya furaha, nayo ilikuwa michache.

Maana mwaka ule ule wa 1618 vita kubwa ilianza Ulaya, ambayo ilidumu miaka 30. Tarehe 8 Novemba 1620 majeshi ya Wacheki yalishindwa karibu na mji wa Praha, kwenye Mlima Mweupe, na Kaisari aliyeshinda hakutaka dini nyingine katika nchi zile ila ya kwake. Mwaka wa 1621 askari waliuteka mji wa Fulnek. Wachungaji walikuwa wakitafutwa. Comenius alilazimika kumwacha mke wake na watoto, akajificha. Katika maficho alimwandikia Magdalena kitabu kidogo cha kumfariji, ili apate kuvumilia. Mwaka wa 1622 tauni ilipita katika nchi, na Magdalena akafa pamoja na watoto wao wote wawili, wavulana wadogo. Baba yao hakuwa pamoja nao. Mwaka uliofuata vitabu vyake alivyoviacha Fulnek vilichomwa moto mbele ya watu.

Tumefikiri mara nyingi juu ya mwaka ule wa 1622. Mtu huyu alikuwa na miaka 30, hana nyumba, hana mke, hana mtoto, hana kitabu. Angaliweza kuchukia kila neno linalohusu watoto. Wako wazazi katika sharika zetu waliofiwa vivyo hivyo, nao hawapendi kumwona mtoto wa jirani akicheza uani, wala hatuwalaumu. Yeye aliandika vitabu vya huzuni, kimoja kikiwa kile kinachosimulia safari ya msafiri katika ulimwengu uliochanganyika kama njia zisizo na mwisho, hata anapoipata raha ndani ya moyo. Kisha mwaka wa 1624 alioa tena, binti wa askofu mmoja wa Ndugu, jina lake Dorota. Mungu akawapa watoto.

Mwaka wa 1627 amri ilitolewa, kwamba asiyekubali dini ya Kaisari atoke katika nchi. Mwezi wa Februari 1628, katika baridi ya theluji, Comenius na jamaa yake walivuka milima pamoja na wengine, wakaenda mji wa Leszno katika nchi ya Poland. Wote walitumaini kwamba watarudi baada ya mwaka mmoja au miwili. Comenius hakuiona tena nchi yake mpaka kufa.

Katika kundi la wakimbizi hao watu walikuwa wamepoteza mashamba, makanisa, shule na makaburi ya wazazi wao. Wangeweza kuanza nini? Comenius aliona kwamba shule moja tu haikuweza kuchukuliwa na askari, ndiyo ile iliyo katika mapaja ya mama na karibu na meza ya baba. Basi katika miaka ya kwanza ya Leszno, nyumbani mwake mkiwa na watoto wadogo, aliandika kwa lugha yake ya Kicheki kitabu cha mafundisho ya wazazi, nacho akakiita kwa jina la Shule ya Mama. Mwaka wa 1633 kilichapwa huko Leszno kwa Kijerumani. Twataka kukaa kidogo juu ya kitabu hiki, maana wengi wanaomtaja Comenius hawakijui.

Jambo la kwanza analolisema ni kwamba mtoto ni hazina kuliko dhahabu na fedha na lulu. Sisi twalisema neno hili kwa urahisi, hasa siku ya ubatizo, lakini yeye alilieleza kama mfanya biashara apimaye mali. Dhahabu ni kitu kisicho na uhai, mtoto ni kiumbe hai mwenye sura ya Mungu. Dhahabu hupita kutoka mkono huu mpaka mkono huu bila kuwa ya mtu, lakini mtoto umepewa wewe, jina lako, wala hawezi kupewa mwingine. Ndipo anapouliza jinsi watu walindavyo fedha yao kwa kufuli na kumwacha mtoto atembee anakotaka na ajifunze atakayoyaona.

Tena alipanga elimu yote ya mwanadamu kwa miaka sita sita. Katika kila nyumba na iwepo shule ya mama, katika kila kijiji shule ya lugha ya watu wenyewe, katika kila mji shule ya Kilatini, na katika kila nchi chuo kikuu. Msomaji ataona kwamba shule ya mama ndiyo nyingi kuliko zote, maana nyumba ni nyingi kuliko vijiji. Wala haihitaji ruhusa ya serikali, wala mabati, wala mshahara wa mwalimu. Yeye alitaka mtoto asitolewe katika shule hiyo kabla ya miaka sita, maana akili yake na mwili wake vyahitaji uangalizi wa mtu anayempenda, na mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumwangalia kila mmoja.

Wanaume wa kwetu watafurahi kusikia jina hilo la shule ya mama, wakidhani kwamba wamesamehewa. La. Jina ni la mama, lakini kitabu kinasema na wazazi wote wawili. Na sisi Walutheri hatuna udhuru hata kidogo, maana miaka 100 kabla ya hapo, mwaka wa 1529, Martin Luther alipoitoa Katekismo Ndogo, alimwandikia baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumba yake. Sisi tumeichukua Katekismo ile nyumbani tukaipeleka darasani, tukamwachia mwinjilisti, kisha twashangaa kwamba watoto waikariri bila kuijua.

Je, mtoto wa miaka mitatu ajifunze nini? Hapa ndipo Comenius anapopendeza sana. Yeye alichukua elimu zote kubwa za vyuo akaonyesha mizizi yake katika mambo madogo ya nyumbani. Mtoto akijua kwamba hiki ni moto, haya ni maji, hili ni jiwe, huu ni mti, hii ni mvua, amekwisha kuanza elimu ya viumbe. Akitofautisha mwanga na giza, na rangi nyeupe na nyeusi na nyekundu, ameanza elimu ya nuru. Akilionyesha jua na mwezi na nyota, ameanza elimu ya mbinguni. Akijua mlima ni nini, na mto, na shamba, na kijiji anamoishi, ameanza jiografia. Akikumbuka aliyoyaona jana na juzi, ameanza historia. Ahesabu mpaka kumi, na baadaye mpaka ishirini. Ajue kipi ni kingi na kipi ni kichache. Apime kwa shubiri na kwa dhiraa. Na katika habari ya nyumba, ajue ni nani baba, nani mama, nani mtumishi, na kila chombo chaitwaje na kazi yake ni nini.

Tulipoyasoma hayo tulicheka kwa furaha, maana bibi zetu walifanya hivyo bila kujua jina la Comenius. Mtoto alihesabu punje za mahindi katika gunzi akisaidia kuyapukuchua. Alijifunza majina ya ndege akiwafukuza katika ulezi. Na jioni aliulizwa vitendawili karibu na moto. Shaka yetu ni kama twafanya bado. Maana siku hizi tumeona watoto waliosoma herufi zote wasioweza kutaja majina ya miti mitano iliyo karibu na mlango wao.

Juu ya kazi alisema mengi. Aliona kwamba mtoto hawezi kukaa bure, naye haoni kwamba hilo ni kosa. Aliwapenda watoto wawe kama siafu, daima wakibeba, wakikokota, wakijenga, wakihamisha, ilimradi mtu mzima awaonyeshe njia. Chochote wanachoona watu wazima wakifanya, na waruhusiwe kukiiga, isipokuwa kile cha hatari. Kwa hiyo badala ya kisu cha chuma apewe cha mti; apewe jembe dogo, gari dogo, kinu kidogo; ajenge nyumba ya udongo. Ajifunze kukata na kupasua, kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua. Mzazi amkataliapo mtoto kila kitu, akimfukuza kutoka jikoni na shambani kwa sababu anachelewesha kazi, anamfundisha uvivu kwa mikono yake mwenyewe, na miaka kumi baadaye atamlaumu kwa uvivu huo.

Tabia njema alizitaja nyingi, lakini sisi twaona alikaza tatu zaidi. Ya kwanza ni kiasi katika chakula na kinywaji, maana tumbo ndilo la kwanza kumtawala mtoto, na aliyeshindwa hapo atashindwa mahali pengi. Ya pili ni kweli: mtoto asizoee kusema lililo ndiyo kuwa siyo, hata kwa mzaha, wala asifundishwe kumwambia mgeni mlangoni kwamba baba hayupo. Ya tatu ni kutogusa kitu cha mwingine bila idhini. Wezi wa mali kubwa, kwa maoni yake, walianza na vitu vidogo ambavyo wazazi wao walivionea aibu kuvitaja.

Na jinsi ya kufundisha tabia hizo? Kwanza kwa kielelezo. Mtoto aliumbwa kuiga kama nyani. Asiambiwe usiteme matusi na baba ambaye huyatema kila akirudi kutoka pombeni. Kisha kwa maneno, tena mafupi na ya wakati wake. Mwisho kwa adhabu. Comenius hakuikataa fimbo kabisa, wala sisi hatutaki kumfanya mtu wa siku nyingine. Lakini aliiweka nyuma, baada ya kukemea, na kumtia mtoto haya, na kumwonyesha mwingine aliyefanya vizuri. Tena aliwaonya wale wazazi wanaocheka mtoto anapotukana kwa sababu sauti yake ni ndogo na tamu. Hilo twalijua. Mtoto wa miaka miwili akimtukana mjomba wake, nyumba nzima hucheka na kumwomba arudie. Akifika miaka saba akarudia, hupigwa. Tungependa kumsikia mtu mmoja amweleze mtoto huyo kosa lake ni lipi, na lilianza siku gani.

Aliwakemea pia kina mama matajiri wa siku zake waliowapa watoto wao wachanga wanawake wengine wawanyonyeshe. Mama wa kwetu hawana kosa hilo. Lakini je, yaya? Wako watumishi wa ofisi, na hata wachungaji, ambao huondoka alfajiri na kurudi usiku, na mwalimu wa kwanza wa mtoto wao ni msichana wa kazi ambaye mwenyewe hakufundishwa na mtu. Hatusemi hivi kwa kuwahukumu wengine. Sisi wenyewe tumetumia miaka mingi kufundisha watoto wa watu katika vijiji vya mbali, na siku moja tukagundua kwamba mwana wetu wa mwisho hajui sala ya kulala, maana kila mmoja nyumbani alidhani kwamba mwenzake amekwisha kumfundisha.

Kwa habari ya sala Comenius alikuwa mpole. Mtoto wa miaka miwili akunje mikono yake, akae kimya kidogo, aseme maneno machache anayoyaweza. Mwaka wa pili aongeze. Asichoshwe. Na katika kitabu chake mwishoni aligusa lile jambo tuliloanza nalo. Wazazi wasimtishe mtoto kwa mwalimu na shule, kama watu watishavyo kwa zimwi, maana atakwenda shuleni akiwa amekwisha kumchukia mwalimu kabla ya kumwona. Bali wamwambie kwamba shule ni jambo jema, wamwonyeshe vitabu na mfuko atakaochukua, tena wamchukue mapema kwa mwalimu amwone, amjue, azoee uso wake.

Mengine ya maisha yake tutayapita upesi. Mwaka wa 1631 alitoa kitabu cha kujifunza Kilatini kwa njia ya vitu na si ya kanuni tupu, nacho kikaenea Ulaya yote. Mwaka wa 1632 Ndugu walimchagua kuwa mmoja wa maaskofu wao. Wakubwa wa nchi walimwita huku na huku: mwaka wa 1641 alikuwa London, kisha akafanya kazi ya vitabu kwa ajili ya Sweden. Amani ya mwaka wa 1648 ilipofanywa, wakimbizi wa Moravia hawakukumbukwa, na mwaka huo huo Dorota akafa. Watoto wengine walikuwa bado wadogo. Alioa mara ya tatu mwaka uliofuata.

Kuanzia mwaka wa 1650 alifundisha miaka minne huko Sárospatak, katika Hungaria. Hapo alitunga kile kitabu cha picha kilichochapwa Nürnberg mwaka wa 1658, chenye picha 150 hivi, kila kitu kikiwa na namba yake na jina lake. Alfabeti yake inaanza na milio: kunguru, kondoo, upepo. Watu husema ni kitabu cha shule, na ndivyo kilivyo. Lakini yeye alitaka wazazi wakiweke nyumbani mikononi mwa watoto kabla hawajaingia shule, wakitazame wapendavyo, wamwulize mama hiki ni nini na hiki ni nini.

Mwezi wa Aprili 1656 mji wa Leszno uliteketea katika vita, na nyumba yake pamoja nao. Kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40 iliungua. Alikuwa na miaka 64. Akakimbilia Amsterdam katika Uholanzi, ambako tajiri mmoja alimkaribisha, akaandika tena.

Haitupasi kuficha udhaifu wake. Katika taabu za ukimbizi aliwasadiki watu waliojiita manabii, waliotangaza kwamba adui wa Ndugu wataanguka upesi na wakimbizi watarudi kwao. Mmoja alikuwa rafiki yake tangu shuleni. Comenius aliuchapisha unabii wao mwaka wa 1657, na mengi hayakutimia, na wasomi wakamdharau. Alitamani mno kurudi nyumbani. Twadhani hiyo ndiyo sababu yote.

Huko Amsterdam aliipanua ile shule ya mama katika kitabu kikubwa, akisema kwamba inaanza kabla mtoto hajazaliwa, katika mwenendo wa wazazi wake, na kwamba binadamu huwa mwanafunzi mpaka uzee. Hakukimaliza. Maandiko hayo yalipotea, yakaonekana katika miaka ya 1930 huko Halle, katika nyumba ya yatima iliyojengwa na mchungaji wa Kilutheri August Hermann Francke. Comenius alikufa tarehe 15 Novemba 1670, akazikwa katika mji mdogo wa Naarden.

Kuhusu nyumba yake mwenyewe twaweza kusimulia jambo moja. Katika safari ya mwaka wa 1628 alikuwako mvulana mkimbizi wa miaka tisa hivi, jina lake Petr Figulus, ambaye Comenius alimchukua na kumlea. Mtoto huyu alikua karibu naye, akawa mwandishi wake, akafuatana naye katika safari zake, na mwaka wa 1649 akamwoa Elisabeth, binti wa Comenius na Dorota. Mwana wao, Daniel Ernst Jablonski, alikuwa mhubiri wa mfalme huko Berlin na askofu wa Umoja wa Ndugu. Kanisa la babu yake lilikuwa karibu kwisha. Lakini mwaka wa 1735 Jablonski, mzee wa miaka 74, alimbariki seremala David Nitschmann kuwa askofu wa kwanza wa Ndugu waliokusanyika upya Herrnhut. Ni watu wa Herrnhut hao waliofika Rungwe mwaka wa 1891, mwaka ule ule ambao Walutheri wa Berlin walifika jirani nao katika nchi ya Wanyakyusa.

Na kile kitabu cha Shule ya Mama? Kwa Kijerumani kilisomwa na wageni. Lakini maandishi ya Kicheki, ambayo Comenius aliyaandika kwa ajili ya wazazi wa nchi yake, akitumaini kuwaletea mkononi siku ya kurudi, yalibaki Leszno kati ya karatasi za Ndugu. Yalionekana huko baadaye sana, na mwaka wa 1858 yakachapwa kwa mara ya kwanza. Kina mama walioandikiwa walikuwa wamekwisha kufa zamani sana. Wajukuu wa wajukuu wao ndio walioanza kukisoma.